Kitanzi na Inchi: Habari za Kipimo katika Kufuma Sweta

Wasomaji wetu wakaao katika nchi za baridi, kama vile Njombe na Makete, Usambara, Limuru na Kericho, wanaijua sweta kuliko watu wa pwani. Wengi wamewaona akina mama wakiketi barazani na sindano mbili na donge la uzi, na wengine wenu mmeishika kazi hiyo kwa mikono yenu wenyewe. Basi mwalijua neno linaloudhi sana katika kazi hiyo. Mtu hununua uzi kwa fedha yake, hufuma jioni nyingi, hufuata kitabu neno kwa neno pasipo kuruka hata mstari mmoja. Na siku ya kumaliza, sweta haimfai yule aliyefumiwa. Ama yamwanguka mabegani, ama yambana kifuani hata hawezi kuinua mikono. Kitabu hakikukosea, wala mfumaji hakukosea kuhesabu. Basi kosa limetoka wapi?

Twataka leo kueleza habari za jambo hilo tangu mwanzo wake, kwa maana si jambo la juzi. Watu wamelifikiri kwa miaka mamia, na wengine walipata hasara kubwa kwa ajili yake. Tena aijuaye historia yake ataelewa sababu ya kanuni moja ambayo wafumaji wengi huiona kuwa usumbufu tu, yaani kwamba kabla ya kuanza sweta yapasa kufuma kipande kidogo cha kujaribia, na kukipima.

Kwanza yapasa tuijue kazi yenyewe. Katika Kiswahili neno kufuma latumika kwa kazi mbili. Iko kazi ya mfumi, atandikaye nyuzi katika kitanda chake na kupitisha uzi mwingine katikati yake. Na iko kazi ya sindano, ambayo ndiyo tunayoinena hapa. Nguo ya mfumi hutoka ikiwa jora, na fundi cherehani huipima na kuikata baada ya kufumwa. Lakini katika kazi ya sindano uzi ni mmoja tu. Hukunjwa kuwa kitanzi, na kitanzi hutolewa ndani ya kitanzi kilichotangulia, safu juu ya safu, hata nguo ikatimia. Mkasi haumo. Upana wa sweta huamuliwa siku ile ya kwanza, mfumaji anapoanza vitanzi vyake katika sindano: vikiwa vingi, sweta itakuwa pana, vikiwa vichache, itakuwa nyembamba. Hivyo hesabu ya vitanzi ndiyo mkasi wa mfumaji, tena ni mkasi ukatao kabla nguo haijakuwapo.

Na tutwae mfano. Mwandishi wa kitabu amefuma sweta ya mtu mzima, ambayo mzunguko wake kifuani ni inchi 36. Katika mkono wake vitanzi 6 hujaza inchi moja. Basi 36 mara 6 ni 216, naye ameandika kitabuni, 'Anza vitanzi 216.' Mama mmoja akisoma maneno hayo anunua uzi uleule na sindano zilezile, lakini mkono wake ni mlegevu kidogo, na kwake vitanzi 5 na nusu hujaza inchi. Vitanzi vyake 216 vitatoa sweta ya inchi zaidi ya 39. Mama wa pili mkono wake ni wa kukaza, na kwake inchi hujazwa na vitanzi 6 na nusu; sweta yake itakuwa ya inchi 33 na kidogo. Wote watatu wamefuata hesabu moja, na kati ya sweta ya mama wa kwanza na ya mama wa pili pana tofauti ya inchi 6, ambayo ni tofauti ya baba na kijana wake. Na chanzo chake chote ni nusu ya kitanzi katika inchi, kitu ambacho jicho haliwezi kukiona.

Waswahili husema kila mwamba ngoma huvutia kwake. Nasi twaweza kusema kila mfumaji huvuta uzi kwa mkono wake. Watu wa pwani walilijua jambo la namna hii katika biashara ya nguo, maana zamani nguo zilipimwa kwa shibiri na kwa mkono, tangu kiwiko hata ncha ya kidole. Na mkono wa mtu mrefu haukuwa sawa na mkono wa mtu mfupi. Kipimo kilichotoka katika mwili wa mtu mmoja hakikuweza kuaminiwa na mwingine, mpaka ilipowekwa fimbo moja ya kupimia kwa watu wote. Katika kufuma vilevile, swali la miaka yote limekuwa hili: mkono wa mtu mmoja utapataje kulingana na mkono wa mtu mwingine asiyemjua?

Hapo kale swali hilo halikuwapo. Soksi za kale sana zilizopatikana katika nchi ya Misri ni za namna mbili. Ziko zilizofanywa katika karne ya 3 hata ya 5 baada ya Kristo, nazo zina nafasi ya kutenga kidole gumba ili zivaliwe na ndara. Moja ya rangi nyekundu imewekwa katika nyumba ya makumbusho ya Victoria and Albert mjini London. Zinafanana na za kufumwa, lakini wenye elimu wamezichunguza wakaona zilifanywa kwa sindano moja yenye tundu, kama ya kushonea, wala si kazi hii yetu. Namna ya pili ni soksi za pamba za rangi ya buluu na nyeupe, zilizofanywa kati ya mwaka wa 1000 na 1400, na hizo ndizo za kufumwa hasa. Katika nchi ya Hispania, ndani ya kaburi la mwana wa mfalme, Fernando de la Cerda, aliyekufa mwaka wa 1275, ulipatikana mto wa hariri uliofumwa kwa ustadi mwingi, vitanzi vyake vikipata 20 hivi katika inchi moja. Aliyeufuma hakuwa na kitabu, lakini mkono wake haukutangatanga.

Wafumaji hao walipimaje? Iko picha moja inayotuonyesha vizuri. Mwaka wa 1400 au karibu yake, Mjerumani jina lake Bertram wa Minden alichora picha kwa ajili ya madhabahu ya kanisa la watawa huko Buxtehude, na sasa imo katika makumbusho ya mji wa Hamburg. Ndani yake Bikira Mariamu ameketi akifuma shati ndogo ya Mwanawe kwa sindano nne. Kazi yakaribia kwisha, amebakiza shingo. Watazamaji wengi hukumbuka ile kanzu isiyo na mshono inayotajwa katika Yohana 19:23. Lakini sisi tutazame jambo la kazi tu: shati imefumwa kwa kuzunguka kama bomba, na mtoto yupo karibu na mama yake. Mama akiwa na shaka juu ya upana, amwita mtoto na kumpima nayo. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kale. Mfumaji na mvaaji walikuwa katika nyumba moja, na binti alijifunza kwa mama yake kwa uzi wa nyumbani kwao na sindano za nyumbani kwao. Hesabu ilikaa katika mkono, wala haikuhitaji kuandikwa.

Mabadiliko ya kwanza yaliletwa na mashine. Mwaka wa 1589, katika kijiji cha Calverton karibu na Nottingham, nchi ya Uingereza, William Lee, ambaye kwa mapokeo ya watu alikuwa kasisi wa kijiji hicho, alibuni mtambo wa kufumia soksi. Badala ya sindano mbili za mkononi aliweka safu ya sindano nyingi zenye kulabu, kila kitanzi na sindano yake, hata safu nzima ikafumwa kwa mara moja. Mtambo wake wa kwanza, yasemekana, ulikuwa na sindano 8 katika kila inchi, na soksi zake zilikuwa nzito. Malkia Elizabeth wa Kwanza hakumpa hati ya haki aliyoiomba. Lee akarudi kazini, akatengeneza mtambo mwembamba zaidi, wenye sindano 20 katika inchi, upate kufuma hariri. Bado hakufanikiwa katika nchi yake. Akaenda Ufaransa pamoja na ndugu yake James, ambako Mfalme Henri wa Nne alimkaribisha. Lakini mfalme huyo aliuawa mwaka wa 1610, na Lee akafa Paris karibu na mwaka wa 1614 pasipo kuyaona matunda ya kazi yake. Ndugu yake aliirudisha mitambo Uingereza, na biashara ikaanza kukua. Chama cha mafundi wa mitambo hiyo kilipewa hati na Cromwell mwaka wa 1657, na tena na Mfalme Charles wa Pili mwaka wa 1663.

Angalieni jinsi mtambo ulivyobadili habari ya kipimo. Mkono wa mtu hukaza akiwa na wasiwasi, hulegea akiwa amechoka. Lakini sindano za mtambo zimeshikwa mahali pamoja, wala haziwezi kusogea. Kwa hiyo mafundi waliweza kuutaja wembamba wa kazi kwa namba, na namba hiyo waliiita geji. Sindano zilishikwa mbili mbili katika vipande vya risasi, nao wakahesabu vipande vilivyomo katika inchi 3. Fundi akisema mtambo wake ni wa geji 24, maana yake ni vipande 24, ambavyo hushika sindano 48, yaani sindano 16 katika kila inchi. Mtu wa mji mwingine akilisikia neno hilo aliijua soksi kabla hajaiona. Hapo ndipo hesabu ya vitanzi ilipotoka katika mkono wa mtu, ikawa neno liwezalo kusafiri.

Lakini kipimo kikiwa kizuri, chaweza tena kudharauliwa na wapendao faida ya haraka. Soksi ya kweli hupewa umbo kwa hesabu: fundi hupunguza vitanzi kidogo kidogo kutoka shavu la mguu kushuka kifundoni, na kingo zake zote huwa zimefungwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 baadhi ya wenye mali katika wilaya ya Nottingham waliona njia ya mkato. Walifuma kitambaa kipana katika mitambo mipana, wakakikata kwa mkasi katika umbo la soksi, wakashona kingo. Dukani soksi hizo zilionekana kama nyingine, na bei yake ilikuwa rahisi. Lakini kitanzi kilichokatwa hakina kinachokishika. Baada ya kuvaliwa kidogo mshono uliachia, na soksi ikafumuka. Wanunuzi walipoona hasara hiyo walianza kuzichukia soksi zote za wilaya ile, nzuri na mbaya pamoja. Na mafundi waliokuwa wakiishi kwa kazi ya haki walipunguziwa ujira, katika miaka ambayo vita vya Napoleon vilikuwa vimefanya mkate kuwa ghali.

Mwezi wa Machi mwaka wa 1811 mafundi wenye hasira walianza kuvunja mitambo ya wakuu hao usiku. Walijiita wafuasi wa Ned Ludd, na wengi hata leo hudhani kwamba watu hao walichukia mashine zote. Lakini mtambo wa soksi ulikuwa umekwisha kutumika zaidi ya miaka 200, nao wenyewe waliutumia kila siku. Waliyochukia ni ujira mdogo na kazi ya hila. Mwaka wa 1812 Bunge la Uingereza lilifanya sheria ya kuwaua wavunjao mitambo, ingawa Lord Byron alisimama kuipinga. Mwaka uleule fundi mmoja, Gravener Henson, aliwaongoza wenziwe kuomba kwa njia ya amani sheria ya kuzuia hila katika biashara hiyo. Baraza la Wawakilishi liliikubali, Baraza la Malodi likaikataa. Basi wako watu waliokufa, na nyumba zilizoona njaa, katika ugomvi ambao sehemu yake moja ilikuwa swali hili: je, nguo itapewa umbo kwa hesabu ya vitanzi, au kwa mkasi?

Wakati mitambo ilipokuwa ikivuma mijini, mikono haikulala. Katika pwani za Uskoti na Uingereza wake wa wavuvi waliendelea kuwafumia waume zao sweta za buluu kwa uzi uliosokotwa sana na sindano nyembamba za chuma, vitanzi vikikazwa hata upepo wa bahari usipenye. Katika visiwa vya Shetland wanawake walifuma hata njiani, wakiwa wamebeba mizigo mgongoni, sindano moja ikiwa imechomekwa katika mkanda wa ngozi kiunoni ili itulie. Hao hawakuandika hesabu zao kitabuni. Kila mama alifuma maisha yake yote kwa uzi wa namna moja na sindano za namna moja, hata akaijua idadi ya vitanzi vya mumewe kama ajuavyo jina lake. Tena watu wa Shetland walipata ubao wa kuwambia sweta: sweta ikisha kufuliwa huwambwa juu yake ingali mbichi, ikauke katika upana unaotakiwa. Walijua ya kwamba sufu hubadilika ikipata maji, na ya kuwa kipimo cha kweli ni kile kinachobaki baada ya kufua.

Shida kubwa ilikuja pamoja na vitabu. Mwaka wa 1840 Jane Gaugain wa Edinburgh alitoa kitabu cha kufundisha kufuma, na mwaka wa 1843 Frances Lambert wa London alitoa chake. Na baada yao wengine wengi. Kwa mara ya kwanza mfundishaji na mfumaji hawakuonana uso kwa uso. Mama wa London aliandika hesabu ya mkono wake, na mama wa mbali aliyeisoma alikuwa na mkono mwingine, uzi mwingine na sindano nyingine. Kitabu kilichukua maneno, hakikuweza kuuchukua mkono.

Waandishi walitambua kwanza shida ya sindano. Sindano zilikuwa za waya, na waya hufanywa mwembamba kwa kuvutwa katika matundu ya bamba la chuma, tundu baada ya tundu. Kwa hiyo namba kubwa ilikuwa ya waya mwembamba. Lakini mabamba ya mafundi hayakulingana, na namba moja kwa muuzaji huyu ilikuwa namba nyingine kwa muuzaji yule. Lambert aliuza kipimo chake chenye matundu, ili msomaji apitishe sindano yake na kujua namba yake kweli. Serikali ya Uingereza iliweka kipimo kimoja cha waya kwa sheria, kikaanza kutumika mwaka wa 1884. Hata hivyo Wamarekani walihesabu kinyume, namba kubwa kwao ikiwa sindano nene. Sindano iliyoitwa namba 10 kwa Waingereza ina unene wa milimita 3 na robo. Ile ya Wamarekani iitwayo namba 10 ni ya milimita 6. Mfumaji aliyefuata namba tupu, pasipo kujua kitabu chake kilitoka nchi gani, angeweza kumfumia mtoto sweta ya jitu. Ndiyo sababu siku hizi sindano nyingi huandikwa unene wake kwa milimita.

Lakini hata sindano zikilingana, mikono hailingani. Kwa muda mrefu jambo hilo halikuudhi sana, kwa maana vitabu vya kwanza vilifundisha mitandio, vifuko na soksi za watoto, vitu ambavyo inchi moja haiviharibu. Katika vita vya mwaka wa 1914 Malkia Mary wa Uingereza aliwaomba wanawake jozi 300,000 za soksi na mikanda 300,000 ya kupashia tumbo moto kwa ajili ya askari. Mikono ya kila namba ikashika sindano, ya mabingwa na ya wanafunzi. Na kila atembeaye kwa miguu ajua soksi pana hufanya nini kisiginoni. Baada ya vita mavazi yakabadilika. Mwaka wa 1922 mwana wa mfalme wa Uingereza, aliyeitwa Prince of Wales, alivaa sweta ya kisiwa cha Fair Isle yenye mapambo ya rangi nyingi alipocheza gofu huko St Andrews, na watu wengi wakataka kuvaa kama yeye. Sweta ikatoka katika mashua ya mvuvi ikaingia nyumbani na mjini, nayo ikatakiwa ikae vizuri mwilini.

Hapo ndipo waandishi walipoona kwamba haitoshi kuandika namba ya sindano. Wakaanza kuweka juu ya kila fundisho mstari mmoja wenye hesabu ya vitanzi katika inchi. Waingereza waliuita mkazo; Wamarekani walitumia neno la mafundi wa mitambo, geji. Mary Thomas, katika kitabu chake cha mwaka wa 1938, alilieleza jambo hilo kwa wasomaji wa kawaida. Naye Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Marekani, katika kitabu chake cha mwaka wa 1971 alikwenda mbele zaidi: alimwambia mfumaji asiitumikie hesabu ya mtu mwingine, bali aipime ya mkono wake mwenyewe, kisha ajitungie sweta. Kanuni yake yaeleweka na kila mtu aliyesoma shule. Pima vitanzi vyako katika inchi, zidisha kwa mzunguko wa kifua unaoutaka. Hiyo ndiyo mia kwa mia. Mwanzo wa mkono wa sweta, karibu na kiganja, ni 20 kwa mia yake. Ikiwa kifua ni vitanzi 200, mkono huanza na 40. Kwa njia hiyo kipimo kilirudi kwa mwenyewe, kama siku za Bertram wa Minden, lakini sasa kikiwa na hesabu.

Aliyekusanya habari nyingi za kazi hii katika kitabu kimoja alikuwa Richard Rutt, aliyekuwa mmisionari Korea na baadaye askofu wa Leicester, Uingereza. Kitabu chake cha historia ya kufuma kwa mkono kilitoka mwaka wa 1987, na wenye elimu hukitumia hata sasa. Twamtaja ili asitokee mtu wa kudhani kwamba habari hizi ni upuzi wa jikoni usiofaa kufikiriwa na watu wazima.

Sasa tuseme jinsi ya kufanya. Kabla ya kuanza sweta, twaa uzi uleule na sindano zilezile, ufume kipande cha mraba, upana wake usipungue inchi 5. Usikifume kwa uangalifu wa kupita kiasi, bali kwa mkono wako wa kila siku, maana mkono huo ndio utakaofuma sweta. Ikiwa sweta itakuwa na mapambo ya rangi mbili, kipande nacho kiwe na mapambo hayo, kwa sababu nyuzi zipitazo nyuma huvuta nguo. Kifue kama utakavyoifua sweta, ukilaze kikauke bila kukivuta. Kisha weka rula katikati, mbali na kingo, maana kingo hudanganya. Hesabu vitanzi vya inchi 4, ugawanye kwa 4. Usipime inchi moja tu, kwa maana nusu ya kitanzi hujificha ndani yake. Hesabu na safu pia, kwa ajili ya urefu.

Ukiona vitanzi ni vingi kuliko kitabu kisemavyo, kazi yako imekaza: twaa sindano nene zaidi. Ukiona ni vichache, kazi imelegea: twaa sindano nyembamba. Usijaribu kuulazimisha mkono, kwa sababu utautii kwa siku moja, na siku ya pili utarudi kwenye desturi yake, na sweta itakuwa na sehemu mbili zisizofanana. Ni rahisi kubadili sindano kuliko kubadili mtu. Na kama kipande hakikukubali, kifumue, ufume kingine, uzi haupotei.

Maneno haya yawahusu na mafundi wa mashine. Mashine za kufumia sweta zilizomo katika miji yetu mingi, ambazo kwazo watoto hufumiwa sweta za shule, ni za jamaa ya ile iliyobuniwa na Isaac Lamb wa Marekani mwaka wa 1863. Nafasi kati ya sindano zake haibadiliki, lakini fundi huweza kukifanya kitanzi kiwe kikubwa au kidogo. Kitanzi kikubwa hula uzi kidogo kwa upana uleule, na faida yake ni ya fundi. Lakini sweta hulegea, na baridi hupita ndani yake. Mzazi atakaye kujua asitazame rangi tu. Ainyoshe kwa mikono miwili mbele ya mwanga, atazame, kisha aiachie aone kama yarudi.

Kipande cha inchi 5 hutaka jioni moja. Sweta hutaka mwezi mmoja, na uzi wake hununuliwa kwa fedha ambayo ingeweza kununua kitu kingine. Watu wa kale walimwita mtoto wakampima. Sisi tusomao vitabu vya watu wa mbali hatuwezi kumpima mwandishi, lakini mkono wetu twaweza kuupima. Afanyaye hivyo kabla ya kuanza vitanzi vyake 216, aweza kufuma kwa moyo mtulivu, akijua kwamba baridi ya Juni ikija, sweta itamwenea aliyefumiwa.